Uzi: Kiambatisho kikitoka kwa mtu unayemjua, hapo ndipo pa kukitazama mara mbili

Fundi wa Makupa (mleta uzi)

Assalam aleikum, na salamu kwa wote, wa kisiwani na wa ng'ambo za Nyali, Likoni na Changamwe.

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta. Mwisho wa Juni unapokaribia, watu wakikimbizana na ritani za KRA (mamlaka ya kodi), huletewa mashine za nyumbani zenye ugonjwa mmoja: mafaili hayafunguki, au barua pepe ya mwenyewe imeanza kutuma vitu ambavyo yeye hakuvituma. Nikiuliza ilikuwaje, jibu ni lile lile: "Fundi, mimi sifungui barua ya mtu nisiyemjua." Na wasema kweli. Barua ilitoka kwa wanayemjua: binamu, karani wa kampuni ya klaring, mwalimu wa mtoto. Nimeona bora niandike kwa urefu, kwa sababu ile nasaha tuliyopewa tangu enzi za saiba, kwamba ukae mbali na barua za wageni, haikutosha hata ilipokuwa mpya.

Machi 1999 kilizuka kirusi kilichoitwa Melissa. Kilikuja ndani ya hati ya Word. Ukiifungua na kuziacha makro zifanye kazi, yaani zile amri ndogo zinazojiendesha ndani ya hati, kilichukua majina 50 ya kwanza kwenye daftari lako la anwani katika Outlook, programu ya barua ya Microsoft, na kuwatumia wenyewe hati hiyo kwa jina lako. Aliyepokea aliona jina la rafiki. Mwaka uliofuata, Mei 2000, kikaja ILOVEYOU kutoka Ufilipino. Hicho hakikuhesabu majina. Kilijituma kwa kila aliyekuwemo daftarini. Faili yake ilijifanya barua ya mapenzi, na jina lake liliishia kwa TXT, halafu kwa vbs, yaani programu ya kujiendesha. Windows huficha zile herufi za mwisho usipoiambia isizifiche, hivyo watu waliona TXT tu wakadhani ni maandishi matupu. Picha zao zikafutwa kwa kuandikwa juu. Bunge la Uingereza lilizima barua pepe zake kwa muda. Na kijana aliyekiandika hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino wakati ule haikuwa na sheria ya kumshika nayo. Hapa kwetu sheria ya uhalifu wa mtandao tunayo tangu 2018, lakini sheria haikurudishii picha za harusi.

Kwa mtu wa nyumbani, kwangu mimi kibaya kuliko vyote ni Emotet. Kilianza 2014 kama mwizi wa siri za benki, kikakua kikawa mlango wa kuingizia virusi vingine. Kilichonitisha ni namna kilivyoiba mazungumzo halisi kutoka sanduku la barua la mtu aliyeambukizwa, kisha kikaandika jibu ndani ya mazungumzo hayo hayo. Wewe na mwenzio mmejadiliana bei ya gari wiki iliyopita. Leo yaja barua yenye kichwa kile kile, maneno yenu ya zamani yako chini yake, na juu pana hati ya kufungua. Nani angeshuku? Polisi wa nchi kadhaa, kwa uratibu wa Europol, shirika la polisi la Ulaya, waliibomoa mitambo yake Januari 2021. Kufikia Novemba mwaka huo huo kilikuwa kimerudi.

Na sisi wa Mombasa tuna letu la ziada, nalo ni bandari. Nyumba nyingi hapa zina mtu anayesubiri mzigo: gari kutoka Japani, marobota ya mitumba, vipuri kutoka Dubai. Kompyuta ya sebuleni ndiyo inayopokea BL (hati ya mzigo ya kampuni ya meli), invoisi na risiti za benki. Wezi walijua hilo zamani. Barua zinazojifanya za kampuni za meli au za usafirishaji wa vifurushi ni miongoni mwa vyambo vyao vikubwa duniani, na mara nyingi kilichomo ni virusi vya kimya kama Agent Tesla na FormBook. Hivi havikufungii mafaili wala havikuonyeshi ujumbe wowote. Vyakusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari na kwenye programu ya barua, vyanakili unachoandika kwenye kibodi, na kuvipeleka kwa mwizi. Mei 2022 Interpol ilitangaza kukamatwa kwa watu watatu Nigeria waliokuwa wakitumia Agent Tesla namna hii. Mwathiriwa aweza kukaa miezi akidhani mashine yake ni nzima.

Sasa tufanye nini? La kwanza ni simu. Kiambatisho kikija bila wewe kukingoja, mpigie mtumaji, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Usijibu barua ile ile kuuliza, maana kama sanduku lake limeibwa, mwizi ndiye atakayekujibu, na atakujibu kwa adabu. Wala usipige nambari iliyoandikwa ndani ya barua. Tumia ile uliyokuwa nayo tangu zamani. Muulize ametuma nini hasa na kwa sababu gani. "Ndiyo nimetuma" haitoshi, maana mtu mwenye haraka hujibu ndiyo kwa kila kitu.

La pili ni kutazama bila kufungua. Ukiwa kwenye Gmail ndani ya kivinjari na ukabonyeza ile picha ndogo ya hati, Google ndiyo inayoisoma kwenye mitambo yake na wewe waonyeshwa sura yake tu. Makro zilizomo hazipati pa kukimbilia kwenye mashine yako. Kwa invoisi ya kusoma mara moja, hiyo yatosha kabisa, huna haja ya kuipakua.

La tatu ni ule mstari wa njano juu ya hati ya Word au Excel. Hati ikikwambia kwamba imetengenezwa kwa toleo la zamani, au kwamba imelindwa na ili uisome lazima ubonyeze Enable Content, basi ndio wenyewe hao. Hati halali ya kusomwa tu haikuombi ruhusa hiyo. Tangu 2022 Microsoft inazizuia makro za hati zilizotoka kwenye intaneti, na sasa utaona mstari mwekundu. Wezi hawakulala: wakahamia kwenye faili za ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja), njia za mkato zenye LNK, hati za OneNote mwanzoni mwa 2023, na zip (mafaili yaliyofungwa pamoja) zenye nywila. Hizi za mwisho zitazameni sana. Nywila ya zip ikiwa imeandikwa ndani ya barua iliyoibeba, haikulindi wewe. Imewekwa ili mkaguzi wa Gmail asiweze kuchungulia ndani.

Na fanyeni hili leo kabla ya kulala: fungua dirisha la mafaili, nenda View, kisha Show, uweke alama kwenye File name extensions. Kwenye Windows 10 utaikuta moja kwa moja ndani ya View. Kuanzia hapo "invoisi.pdf.exe" itajionyesha yote. Kitu kikiishia kwa exe, scr, js, vbs, hta, bat, iso au lnk, na kimekuja kwa barua pepe, kifute. Sijaona sababu ya halali ya mtu wa nyumbani kutumiwa kitu hicho kwa njia hiyo.

Maswali karibuni.

Bi Mkubwa wa Tudor

Waaleikum salaam fundi. Mimi ni mtu mzima, nimefunzwa kompyuta na wajukuu. Mwanangu yuko Maskati, huniletea picha za watoto kwa barua pepe. Sasa ndio nisizifungue? Na nimeletewa barua ya KRA yasema nina deni la kodi, risiti imo ndani ya zip. Mimi biashara niliifunga zamani, lakini moyo wanienda mbio.

Fundi wa Makupa

Shikamoo mama. Picha za wajukuu zitazame tu. Zikija kama picha za kawaida utaziona ndani ya Gmail penyewe, hata huna haja ya kuzipakua. Akizifunga zote ndani ya zip, mwambie aziweke Google Photos au azitume kwa WhatsApp, ili zip ikija kwa jina lake ujue kuna kasoro.

Hiyo ya KRA usiiguse. Tazama anwani ya mtumaji, sehemu iliyo baada ya alama ya @. Jina laweza kuandikwa KRA na mtu yeyote, lakini anwani yao huishia kwa kra.go.ke. Hata ikionekana hivyo, bado usifungue zip, kwa sababu anwani nayo yaweza kughushiwa. Mwite mjukuu akae nawe, mwandike iTax, tovuti ya KRA, wenyewe kwenye kivinjari bila kupitia kiungo cha barua, muingie kwa PIN yako. Deni likiwepo kweli mtalikuta kwenye leja yako huko ndani. Au nenda kituo cha Huduma uulize. Barua ya kukutia hofu ili ubonyeze haraka ndiyo ya kuwekwa kando kwanza.

Wakala wa Shehena

Fundi umesema mengi ya kweli, ila hapo kwa simu nakupinga kidogo. Mimi ni wakala wa forodha. Kwa siku napokea hati nyingi mno, na nyingine nafanyia kazi nyumbani usiku. Nikimpigia kila mtu, meli itaondoka mimi bado nauliza.

Niongeze na la kwetu. Wezi wajua siku za bure za kuhifadhi kontena zikiisha gharama zaanza kupanda, kwa hivyo barua zao hutaja hilo hilo: kontena lako laingia gharama kesho, fungua hati hii ulipe. Na hupenda kutuma Ijumaa jioni afisi zikifungwa. Mtu akisikia gharama za bandari akili yahama. Lakini wenye kazi twajua BL huja kwa PDF. Kampuni ya meli haina sababu ya kukutumia ISO wala faili ya html inayofungua ukurasa wa kukuuliza nywila ya barua pepe yako.

Halafu kuna ile ya akaunti kubadilika. Mteja mmoja alipata invoisi katika mazungumzo yale yale na muuzaji wake wa ng'ambo, kila kitu sawa, bei sawa, nambari ya chesisi sawa, nambari ya akaunti ya benki ndiyo imebadilika. Sanduku la muuzaji lilikuwa limeingiliwa. Alilipa, na pesa hazikurudi.

Fundi wa Makupa

Kaka, pingamizi lako nalikubali. Hati uliyoingoja, ya aina uliyoizoea, kutoka kwa mtu uliyesema naye leo, itazame ndani ya kivinjari uendelee na kazi. Simu iwe kwa vitu vitatu: hati ambayo hukuingoja, hati inayokuomba ruhusa au nywila, na barua yoyote inayogusa mahali pa kupeleka pesa. Hilo la tatu halina mjadala. Akaunti ikibadilika, hata kwa herufi moja ya jina, mpigie muuzaji usikie sauti yake kabla ya kwenda benki. Huyo mteja wako, mashine yake yaweza kuwa nzima kabisa hata leo. Ugonjwa ulikuwa kwa muuzaji, na hasara ikamwangukia yeye.

Na kwa vile wafanyia kazi nyumbani: fungua akaunti ya pili kwenye hiyo kompyuta. Watoto wawe na yao, kazi iwe na yake, na zote mbili ziwe za kawaida, zisiwe za msimamizi. Kirusi kikiingia kupitia akaunti ya kawaida, Windows itadai nywila ya msimamizi kabla ya kukiacha kijikite ndani ya mfumo. Haizuii kila kitu, faili zako mwenyewe bado zaweza kuguswa, lakini yapunguza sana madhara.

Kijana wa Kisauni

Fundi nisaidie. Laptop yangu nilinunua eksi-UK (mtumba wa Uingereza) hapo mjini, ikaja na Windows 10 na Office zimeshakrakiwa, yaani hazina leseni. Jamaa aliniwekea na antivairasi ya kulipia, nayo ya kukraki. Niko salama si ndiyo?

Fundi wa Makupa

Mdogo wangu, hapana, na hapa nataka kueleza kwa kirefu kwa sababu mko wengi.

Zile programu za kukrakia, nyingi hukuambia kwanza uzime kinga ya Windows ndipo zifanye kazi. Jiulize kwa nini. Nyingi hubeba virusi vile vile tunavyovizungumzia, vya kuiba nywila, na wewe umevifungulia kwa mkono wako. Antivairasi ya kukraki nayo aghalabu haisasishwi, na kinga isiyopata habari za virusi vya wiki hii haina faida. Ikibaki hapo huku ikiizuia Defender, kinga ya Windows yenyewe, isijiwashe, una hasara mara mbili.

Iondoe. Defender iliyomo ndani ya Windows ni ya bure, yasasishwa kila mara, na kwa matumizi ya nyumbani yatosha. Siwakatazi watu kununua nyingine ikiwa pesa zipo, lakini sitamwambia mtu mwenye kipato cha kubahatisha alipe kila mwaka kwa kitu ambacho tayari anacho. Badala ya Office ya kukraki weka LibreOffice, ni ya bure kwa halali, yafungua hati za Word na Excel, na tangu mwanzo imewekwa isikubali makro zisizo na saini inayoaminika.

Kuhusu Windows 10 yenyewe: Microsoft ilisimamisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu wa nyumbani waliweka nafasi ya kujiandikisha upate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, na mwaliko wake huonekana kwenye ukurasa wa Windows Update. Hizi eksi-UK za miaka ya nyuma nyingi hazikubali Windows 11, kwa sababu yataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za karibuni. Kama yako ni hivyo, na kazi yako ni intaneti, hati na video, nakushauri Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa mahali pa Windows. Virusi vingi vya viambatisho vimeandikwa kwa Windows na huko havina pa kushika. Usifanye peke yako mara ya kwanza, tafuta mtu wa kukuongoza, na toa faili zako kwanza.

Mashine isiyosasishwa ni hatari hata kama hufungui kiambatisho chochote. WannaCry ya Mei 2017 haikuhitaji barua pepe, iliruka yenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao kupitia tundu la Windows. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Walioathirika ni wale ambao hawakukiweka.

Mwalimu wa Likoni

Ahsante fundi, uzi huu nitawapelekea walimu wenzangu. Sisi twapokea kazi za wanafunzi kwa barua pepe, hati za Word tele, na nyingine zaja kwa flashi zilizopita mashine za saiba. Nina maswali mawili. Nikiwa na shaka na hati, naweza kuipandisha kwenye ile tovuti ya VirusTotal? Na nakala za akiba, flashi niliyoiacha imechomekwa nyuma ya kompyuta yatosha?

Fundi wa Makupa

Mwalimu, VirusTotal ni nzuri, hukagua faili yako kwa antivairasi nyingi kwa wakati mmoja. Ila ujue kitu: unachopandisha huko hakibaki siri. Kampuni za usalama na watafiti huweza kukiona. Kwa hivyo programu ya kutia shaka, sawa. Hati yenye majina na alama za wanafunzi, nakala ya kitambulisho, taarifa ya benki, usipandishe. Hizo zitazame ndani ya Gmail au Google Docs. Na jibu likitoka safi usilichukue kama hukumu ya mwisho, maana kirusi kilichoandikwa jana huenda hakijatambuliwa na yeyote.

Flashi iliyoachwa imechomekwa haitoshi. Virusi vya fidia, vile vinavyofunga mafaili na kudai pesa, hufunga kila diski inayoonekana. CryptoLocker ya 2013, iliyosambazwa kwa viambatisho vya zip, ilipita hata kwenye diski za nje na za mtandao zilizounganishwa. Nakala ya akiba ni ile iliyochomolewa. Nunua diski ya nje, Ijumaa chomeka, nakili, chomoa, weka kabatini. Zile za thamani zaidi, picha na vyeti, weka na nakala ya pili mawinguni, kwa huduma inayotunza matoleo ya zamani ya faili, ili mapya yakiharibiwa urudi nyuma.

Kuna kisa hukisema sana. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilianzia Ukraine. Hakikuja kwa barua pepe, kilipita kwenye masasisho ya programu ya uhasibu, lakini kiliifikia kampuni ya meli ya Maersk na kufuta kompyuta zake dunia nzima. Seva zinazotunza majina na ruhusa za mtandao wao zilikuwa nyingi, kila moja ikinakili zenzake, na zote zikaharibika kwa pamoja. Ilisalimika moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na mashine ilikuwa nje ya mtandao saa ile. Kutoka hapo ndipo walipojijenga upya. Nakala zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe hufa pamoja.

Jambo jingine. Kwenye Windows Security, ndani ya sehemu ya virusi, chini kabisa kuna ulinzi dhidi ya virusi vya fidia, na ndani yake Controlled folder access. Huja ikiwa imezimwa. Iwashe. Inazuia programu isiyojulikana kugusa folda zako za hati na picha. Siku za mwanzo itakusumbua, itazuia hata programu zako halali, utaziruhusu moja moja. Vumilia.

Na flashi za saiba: zikague kabla ya kufungua chochote ndani yake. Folda ikionekana kama njia ya mkato, yenye kile kimshale kidogo, usiibonyeze.

Dada wa Bamburi

Jamani nasoma uzi huu huku natetemeka. Mimi napika keki kwa oda, wateja huniandikia kwa barua pepe. Leo asubuhi mteja wangu wa zamani amenitumia "orodha ya wageni" ndani ya zip, nywila imo ndani ya barua. Nikafungua, kikawaka kitu cheusi sekunde moja kikapotea. Hakuna hati iliyofunguka. Nimempigia sasa hivi, asema hajatuma kitu. Nifanyeje? Niifomati?

Fundi wa Makupa

Dada yangu, tulia, twende pamoja. Zima Wi-Fi ya hiyo kompyuta sasa hivi, kama ni kebo ichomoe. Usichomeke flashi wala diski yako ya akiba. Usifute chochote kwanza.

Chukua simu, zima Wi-Fi tumia bando. Kwa simu hiyo badilisha nywila ya barua pepe yako kwanza kabla ya kitu kingine, kwa kuwa nayo ndiyo mtu hubadilishia nywila nyingine zote. Kisha ndani ya mipangilio ya usalama wa akaunti, ondoa vifaa vyote vilivyoingia. Usiruke hatua hii, kwa sababu virusi hivi huiba pia ule uthibitisho wa kwamba umeshaingia, na mwizi aweza kuutumia bila kujua nywila mpya. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Halafu benki, mitandao ya kijamii ya biashara, na kila nywila uliyokuwa umeihifadhi kwenye kivinjari cha hiyo kompyuta. Zote zihesabu zimeibwa.

Bado ukiwa kwenye simu, tazama mipangilio ya barua: pana anwani usiyoijua ambayo barua zako zasambazwa kwake? Pana kanuni inayohamisha au kufuta barua zenye neno invoisi au malipo? Wezi huziacha hizo nyuma yao. Ziondoe.

Kompyuta yenyewe, nenda Windows Security uchague ukaguzi wa Defender Offline. Itajizima na kuwaka upya, itajikagua kabla Windows haijaamka, huchukua kama dakika 15. Ikikuta kitu au isikute, mimi kwa hali yako ningeweka Windows upya, kwa kuwa kitu kimekwisha kukimbia mle ndani. Hati na picha zako zitolewe kwanza na fundi anayejua, bila kubeba programu yoyote.

Dada wa Bamburi

Nimebadilisha nywila, na kweli nimekuta anwani ngeni kwenye usambazaji! Nimeiondoa. Ukaguzi waendelea. Na mafaili yakija kufungwa nidaiwe pesa? Na hawa wateja wangu, niwaambie au watanikimbia?

Fundi wa Makupa

Umefanya vizuri sana kuikuta hiyo. Ukidaiwa pesa, usilipe. Kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa faili. Kuna mradi unaitwa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, una funguo za bure za baadhi ya virusi hivyo. Tunza zile faili zilizofungwa hata kama leo hazina ufunguo, kwa sababu funguo nyingine hupatikana baadaye. Ripoti kwa KE-CIRT/CC, kituo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na pesa zikiwa zimetoka enda kwa DCI (wapelelezi wa polisi) na benki siku hiyo hiyo.

Wateja waambie leo, usingoje kesho. Daftari lako la anwani huenda limeshachukuliwa, na barua itakayowafikia itakuwa na jina lako na pengine maneno yenu ya zamani. Na yule mteja wa kwanza mweleze taratibu, bila kumlaumu, kwamba kompyuta yake yahitaji kukaguliwa kama yako. Tuma kwa WhatsApp au SMS, usitume kwa barua pepe. Andika hivi tu, unakili:

"Barua pepe yangu iliingiliwa leo asubuhi. Ukipata kiambatisho kutoka kwangu, usikifungue hata kama kinataja oda yako. Nambari yangu ya malipo haijabadilika. Ukiwa na shaka nipigie kwa nambari hii."

Dada wa Bamburi

Nimetuma kwa wote. Wawili wameshanijibu kwamba barua walikuwa wameipata na hawajaifungua.

Fundi wa Makupa

Alhamdulillahi. Waambie waifute, na waitoe hata kwenye pipa la taka. Kompyuta ilete kesho mchana, njoo na chaja yake.